Anastaafu Roda, Halistaafu Somo la Gogo

Tarehe 31 Desemba mwaka huu Mwalimu Roda Nzunda anastaafu, baada ya kufundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na miwili, zaidi ya nusu yake akiwa shuleni kwetu hapa Mlowo. Kamati ya sherehe imenipa ukurasa huu nimuage, na imeniomba niandike mambo ya furaha tu. Nitayaandika, maana yapo mengi. Ila lipo moja la ugomvi, na ukiliondoa hilo anayebaki si Roda tunayemfahamu.

Ni mtoto wa wakulima wa kahawa wa Mbozi. Alianzia kazi Ileje, akapita Vwawa, kisha akaja kwetu na sanduku moja na redio. Amekuwa mkuu wa idara, matroni wa bweni, mlezi wa kwaya na, kwa msimu mmoja wa ajabu, kocha wa netiboli aliyeshangilia timu zote mbili. Chai yake haina sukari, na mgeni akimuuliza kwa nini, huwa anajuta.

Lakini wazazi wa huku wanamjua kwa jambo moja. Kila Januari tunapokea watoto wa Kidato cha Kwanza waliosoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili. Ghafla historia ni ya Kiingereza, hesabu ni za Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa mchangamfu kwao ananyamaza, na wengine hawafungui tena mdomo mpaka wanamaliza shule. Mwalimu Roda aliuchukia ukimya huo. Dawa yake ilikuwa neno moja la Kiingereza kwa wiki nzima, nalo ni 'stock'. Kila kundi la wanafunzi alilipatia maana moja ya neno hilo, akalituma likatafute nyumbani kitu cha kushikika. Aliyekuja na sentensi ya kunakili kwenye kamusi alirudishwa.

Basi vitu vikaja. Kilitangulia kisiki, kwa sababu huko ndiko neno lilikotoka: Waingereza wa kale waliliita hivyo gogo au shina la mti. Likafuata shina la mche wa kahawa lililopachikwa kikonyo, yaani kijiti cha mche mwingine, maana shina hilo nalo lina jina hilo hilo. Mama Teresia, mpishi wetu, akaleta sufuria ya mchuzi wa mifupa. Mzazi mwenye duka akaazimisha katoni za sabuni, mzigo wake wa dukani. Wengine walichonga mkatale, lile gogo la kufungia wahalifu miguu, na wengine wakavua soksi zao ndefu, kwani jina lake la Kiingereza, 'stocking', limechipuka humo humo. Mgambo mmoja alijitolea kuja na bunduki aonyeshe kitako chake. Aliambiwa achore.

Ilipofika kwenye mifugo, akiba na hisa za kampuni, Mwalimu alilieleza darasa waziwazi kwamba hata watunga kamusi wanabishana jinsi gogo lilivyofika huko. Watoto walilipenda hilo kuliko yote. Kumbe wenye lugha yao nao hawajui! Mwalimu alitaka waone kwamba Kiingereza hakikuzaliwa kimevaa tai. Kilianza kwa watu wenye matope miguuni, waliotumia neno moja kwa kila shida iliyowakuta, kama mama zetu wanavyotumia kitenge. Sasa mtoto wa mkulima wa Mbozi akiogope cha nini?

Mwaka mmoja siku ya ukaguzi iliangukia wiki hiyo. Kundi la mifugo lilikuwa na binti mmoja, Yudita, ambaye tangu afike hakuna aliyemsikia akisema neno la Kiingereza. Baba yake, Mzee Maduhu, mfugaji wa kule Ivuna, alikuwa Mlowo na ng'ombe wa kupeleka mnadani. Akapita getini na ng'ombe jike na ndama, akavua kofia mlangoni pa darasa.

"Mwalimu, mtoto kaniambia mnataka kukiona hicho Kiingereza," alisema. "Nimekileta, na mtoto wake."

Ng'ombe alikuwa ameshakula maua tuliyompandia mkaguzi. Yudita akasimama mbele yetu sote, mkono shingoni mwa ng'ombe wao, akaeleza kwa Kiingereza cha kuungaunga lakini kwa sauti iliyofika bwalo la chakula. Darasa likalipuka kwa makofi. Mkaguzi akauliza jambo hili liko ukurasa gani wa muhtasari wa somo.

"Halipo, mheshimiwa," Mwalimu Roda akamjibu. "Ndiyo maana nimelileta mwenyewe."

Jibu hilo lilimgharimu. Alivuliwa ukuu wa idara na kuondolewa Kidato cha Nne, darasa alilolipenda kuliko yote. Aliahidiwa kurudishiwa vyote siku atakayoiacha wiki yake. Hakuiacha. Januari iliyofuata aliingia tena na kisiki begani, akatusalimia vizuri tu. Madaraka alirudishiwa miaka kadhaa baadaye, kimya kimya, bila mtu kumwomba radhi. Yudita siku hizi ni wakala wa forodha pale Tunduma. Anabishana na madereva wa Zambia kwa Kiingereza na Kibemba, na kwa ninavyosikia habishani kwa upole.

Mwezi uliopita, katika kikao cha walimu, tulionyeshwa ratiba ya Januari. Wiki ya Mwalimu Roda haimo. Mahali pake pamewekwa majaribio ya kila siku, na tukaelezwa kwamba mwenye somo anaondoka, basi na liondoke naye. Mwalimu Roda akasimama taratibu, akarekebisha miwani.

"Anayestaafu ni mimi," alisema. "Somo halijafikisha umri."

Akakaa, akaendelea na chai yake.

Nimeombwa niiache habari hiyo kwa kuwa leo kuna wageni. Siiachi. Wageni ni wazazi, na watoto ni wao. Mtihani tutawafundisha, hiyo ni kazi yetu, lakini mtoto aliyenyamazishwa kwa woga haonyeshi anachojua hata ukimpa majaribio asubuhi na jioni. Tumeliona hilo kwa macho yetu, kila mwaka, katika madarasa yetu wenyewe.

Mwalimu Roda, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutukaripia ilipobidi. Asante kwa kukubali kupoteza ulichokipenda ili watoto wasiowahusu wengi wapate sauti. Nenda kalale mpaka jua lichomoze, kahawa yako izae, wajukuu wakusumbue, na maisha yakuendee vyema kama ulivyowatakia wengine. Januari isikutie wasiwasi. Tumebaki walimu watatu wa Kiingereza, tumeshagawana madarasa ya wiki ile, na hakuna kati yetu aliyeomba ruhusa.

Mwl. Lusubilo Kibona
Idara ya Kiingereza