Binti wa Chungu na Salamu ya Asubuhi

Bwana asifiwe! Ahsanteni kwa kuitikia, ndugu zangu. Naomba tena, maana mimi nikiitikiwa nasikia raha ya ajabu, na kwa nini mtajua sasa hivi. Bwana asifiwe!

Mimi ni Mama Upendo, nauza vitenge na kanga Kariakoo. Nimesimama kumshukuru Mungu, lakini nina swali pia, na mchungaji ameniruhusu niliseme hapa mbele. Biblia yote hii, aya zimejaa, kwa nini Bwana alinifungua kwa hadithi ya bibi?

Bibi alinilea Lindi. Alikuwa Mwislamu wa swala tano. Jioni tukimenya mihogo aliita, "Hadithi, hadithi!" nasi tunaitikia hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Simwachi mpaka anipe ile ya binti aliyeolewa na zimwi. Zimwi lilimpa chungu kilichofunikwa, likamwambia kimebeba kifo chake, siku akizungumza na mtu kitafunuka na atakufa. Binti akanyamaza miaka na miaka, majirani wakidhani ana maringo. Siku moja anafagia, akakisogeza kile chungu, akakiona chepesi. Akajiuliza, kifo gani chepesi hivi? Akafunua. Hamna kitu! Basi akakiteleka jikoni, akapika kisamvu, akaita majirani wakala. Hadithi inaishia hapo. Mimi namsumbua bibi, zimwi je? Lilirudi? Bibi anacheka tu, ananiambia menya mihogo.

Nikakua, nikaja Dar. Shangazi akaniachia fremu yake ya duka la vitenge, na pamoja nayo akaniachia hirizi, kimfuko cheusi kilichotundikwa kwenye msumari juu ya mlango. Mwiko wake ni kwamba tangu ninapoamka mpaka nifungue duka, nisijibu salamu ya mtu yeyote. Nikijibu, biashara inakufa, na mimi naifuata. Shangazi aliushika mwiko huo mpaka uzeeni na wateja hawakumkatikia. Mimi nimefiwa na mume, mwanangu Upendo bado ananyonya. Ningethubutuje?

Mnaoijua Kariakoo asubuhi mnajua ni salamu tupu. Wasukuma mikokoteni, mama wa chai, Mzee Saidi yule Mwarabu wa duka la marashi jirani yangu, wote niliwapita kama nguzo za umeme. Na nimeokoka, ndugu zangu, naimba kwaya, msumari uko palepale! Nilijipoza kwa methali, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nilijidanganya. Lilikuwa linamla mwanangu.

Upendo alipojua kusema, kila asubuhi alinipa shikamoo. Mimi nampungia mkono, natoka. Alipofika darasa la pili akaacha. Mwalimu akaniita shuleni, akaniambia mtoto huyu akisalimiwa asubuhi anapunga mkono tu, haongei na mtu mpaka saa ya uji.

Kesho yake navaa viatu, akanishika gauni.

"Mama, ukinijibu utakufa?"

Jamani! Nani alimwambia? Sikuwahi kumsimulia mwiko ule, wala hadithi ile. Mpaka leo najiuliza. Nilimwona yule binti wa hadithi ya bibi amesimama mlangoni, mkononi ana chungu, anakipima uzito. Miaka yote nilidhani nimemsahau. Nikasema moyoni, Yesu, kama ni kufa nipokee, ila huyu mtoto simwachi hivi. Nikapiga magoti nikamwambia anisalimie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Tukakaa tunaangaliana, tunasubiri. Sikufa. Upendo akaanza kucheka, akanisalimia tena, na tena, mpaka akachelewa shule.

Kariakoo niliwaamkia wote. Mzee Saidi alishusha miwani, akanitazama weee. "Kumbe una sauti, binti yangu! Sisi tulijua unatudharau." Nililia palepale barabarani. Kisha nikapanda stuli pale mlangoni kwangu, nikaomba kwa jina la Yesu, nikaishusha hirizi na kuikata kwa mkasi wa vitambaa. Ndani mlikuwa na pamba. Pamba ya mto, basi!

Nisiwadanganye, siku ile sikuuza hata doti moja, na hofu ilinirudia yote. Nikasema duka sifungi, sirudi nyuma. Siku iliyofuata wateja wakaja. Sasa biashara inapanda na kushuka kama ya wengine, na mama wa chai ananiwekea kitumbua cha moto kila asubuhi.

Bibi ametangulia, siwezi kumuuliza kama alijua. Pengine Mungu alimpa hadithi ile anitunzie, maana Yeye alijua nitaihitaji nikiwa na mtoto wangu. Na zimwi? Nadhani lilirudi, likamkuta binti anakula na watu, likakosa pa kukaa.

Ndugu yangu, kama na wewe una chungu ulichoambiwa usikiguse, mwamini Yesu, kinyanyue tu uone uzito wake. Msumari wangu sikuung'oa. Natundikia kitenge kizuri kuliko vyote.

Upendo ameketi pale mbele na gauni la njano. Simama, mama, uwasalimie watu wa Mungu. Na ninyi, nawaomba, mwitikieni kwa sauti.