Aliyejipandishia Bei

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mara ya Tatu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba cha nyuma cha duka la nguo. Wasifu huu unasomwa na mimi, mjane wake. Kazi ya kuuandika alipewa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaniletea kurasa mbili, na moja na nusu ilikuwa ya gari. Nikamwambia, "Shemeji, lete kalamu." Naye amenisihi gari nilipitie juu juu, maana familia imeamua lipigwe mnada mwezi ujao, na wanunuzi wengine mmekaa humu humu. Karibuni, na poleni kwa msiba.

Marehemu alisoma shule ya msingi hadi mwaka 1965, kisha sekondari miaka minne. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila sauti alikuwa nayo. Mwalimu alipomtuma asimame uwanjani awaite wenzake, walikuja hata watu wa mtaa wa pili.

Mwaka 1970 aliajiriwa kubeba samani katika jumba la mnada, na mwaka 1984 akapanda jukwaani na nyundo yake, akawa dalali: "Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu!" nyundo inagonga, na jina likamganda. Aliuza makabati, majokofu, vitanda vya waliohama na vya waliofilisika. Wanafunzi wake aliwafundisha jambo moja: "Anayekitaka kitu kweli kweli, usoni haonyeshi. Ukionyesha njaa, utalipishwa na sahani."

Tulifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1979. Wajomba zangu walipotaja mahari, bwana huyu alitazama dari, uso mkavu, akapunguza. Wakashuka, akapunguza tena. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na dada yangu, nikajisikia nashuka bei kama kabati lenye mguu mbovu. Wakakubaliana nusu. Nusu, jamani! Mungu alitujalia watoto watatu, na jambo hilo sikulitaja tena. Haya, nililitaja, ila si kila siku.

Alistaafu siku ya Ijumaa, mwaka 2011. Kesho yake akarudi jumba lile lile, safari hii kwenye viti vya wanunuzi, nami pembeni yake. Likaletwa gari la michezo la Kitaliano, la kijani, viti viwili tu, limeshatumika miaka kumi na sita, mali ya daktari wa meno aliyehama. Nyundo aliishika mwanafunzi wake. Bei ikaanza milioni sita. Mtu akasema saba. Marehemu akasema nane. Ukumbi ukanyamaza. Sasa, mtu aliyeishi miaka yote hiyo akiuchukia ukimya wa ukumbi, angekaa kweli? Akasimama, akawageukia watu: "Hakuna anayeongeza? Gari kama hili?" Akanyoosha mkono mwenyewe: tisa!

Kijana akamwambia, "Mzee, nane ilikuwa yako."

"Najua," akasema. "Kumi!"

Nyundo ikagonga. Kumi! Mtu yule yule aliyenipunguza mimi.

Na huko kununua kulikuwa mwanzo tu. Fundi alinieleza bila kuniangalia: "Mama, hiyo bei mliyolipa ni kiingilio. Ngoma yenyewe iko ndani." Kubadilisha mkanda wa injini, injini nzima ishushwe chini. Klachi ilikula mabati ya paa letu. Bima ilizidi kodi ya nyumba ya binti yetu. Taa ya kulia iliagizwa kwa meli, tukangoja, ikaja ya kushoto. Naye anacheka tu! Gari aliliita Bibie. Mimi niliitwa "sikia". Bibie alifutwa kwa taulo langu la harusi, nami nikaambiwa nivue viatu ndipo nipande. Mke mwenza ungegombana naye, akujibu, yaishe. Huyu alinijibu kwa moshi. Nilimwonea wivu, nasema wazi mbele ya jeneza, na bado namwonea. Hata leo nimewaona mnapita kumtazama pale alipoegeshwa, kabla ya kuja kunipa mkono wa pole.

Novemba 2022 figo zilianza kumsumbua marehemu, akawa mtu wa kuingia na kutoka hospitali. Siku moja mchana, wodini, nikimmenyea chungwa, nikamuuliza lililonikaa kooni. "Gari ulijipandishia bei mwenyewe. Mimi ukanipunguza. Kwa nini?"

Alicheka hadi nesi akaja. Kisha akasema, "Gari ningelikosa, ningerudi nyumbani nikala, nikalala. Siku ile wajomba zako wangeuona uso wangu, wangetaja bei nisiyoiweza. Nilitazama dari kwa sababu machozi yalikuwa karibu."

Nikamwambia, "Na miaka yote hii umeshindwa kuniambia?"

"Ungejipandishia bei," akasema.

Alifariki tarehe 14 Juni 2023 asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, mdogo wake mmoja, na Bibie. Mnada uko pale pale, mwezi ujao, njooni. Mimi nitakaa kiti cha mbele. Mtu akitaja bei, nitaongeza. Ukumbi ukinyamaza, nitaongeza tena juu ya yangu. Shemeji, usiniulize fedha zitatoka wapi: gari ni langu, nitajilipa. Huyo nimemwonea wivu miaka kumi na miwili, siwezi kumwachia mtu baki. Na dari sitaitazama. Mnitazame usoni, mwone ninavyomtaka.

Mara ya Tatu wangu, apumzike kwa amani.