Bi Mwanahawa aenda Zanzibar

Tangu treni itoke Morogoro, mwalimu Faraja alijifanya amelala, masikio yote yakiwa kwa Bi Mwanahawa wa Kinole, aliyekuwa hatulii, kila mara akisimama kukagua furushi lake.

"Bibi, Zanzibar usikose mashamba ya viungo," alisema kijana aliyekaa naye. "Unatembezwa, unanusishwa mdalasini."

"Mdalasini? Nimeumenya tangu nikiwa mwali!"

"Basi kaone pomboo, au wale kobe wakubwa."

"Naenda kuona mjukuu. Baba yake hataki aletwe kwetu."

"Si mtoto wake?"

"Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama."

"Kule ni wa baba, bibi."

Faraja, ambaye mkewe ni Mluguru, alitamani kujibu, akakoroma.

Treni iliposimama Dar, Bi Mwanahawa akashusha furushi. "Hivi," akamuuliza kijana, "wakati wa kurudi, mtoto mchanga naye anakatiwa tiketi ya boti?"