Historia ya Marehemu Borghild Instefjord, Aliyewavua Polisi Mabuti

Wafiwa, majirani, wauguzi, askari mliokuja bila sare, na wewe Bwana Preben Lunde wa halmashauri uliyekaa safu ya tatu karibu na mlango, mimi ni Eirin, mtoto wa kaka wa marehemu, nimepewa kusoma historia hii kwa sababu katika ukoo mzima ni mimi peke yangu mwenye shahada mbili na muda wa kutosha, kwa hiyo mtanivumilia, kama nami ninavyoivumilia ofisi ya ajira.

Marehemu Borghild Instefjord alizaliwa tarehe 3 Machi 1953 kisiwani Skorpa, mtoto wa tatu wa mpeleka barua Anders na mkewe Gurine, mfuga kondoo, akasoma shule ya hukohuko kisiwani, ambako mwalimu wake alisema mtoto huyu ana akili ila anajibu kabla hajaulizwa, kisha akavuka kuja hapa Lyngvåg, akahitimu uuguzi wa wagonjwa wa akili Juni 1976, akaingia wodini, na humo akakaa karibu miaka thelathini akigombana na kila mganga mkuu aliyeletwa, wa mwisho akimwamkia yeye kwanza, kwa woga tu.

Tarehe 16 Juni 1979 alifunga ndoa na Oddmund, mpishi wa feri, ambaye yupo hapa mbele, na ambaye leo asubuhi ameniomba nisiseme kwamba posa yake ilikataliwa mara mbili, basi sijasema, na wakajaliwa watoto wawili, Gaute mwaka 1981 na Sunniva mwaka 1984.

Sasa tufike kwenye ngazi. Zamani mjini hapa, mtu akirukwa na akili nyumbani kwake, ukipiga simu ya dharura ulikuwa unaletewa polisi, magari mawili, taa za buluu, na mbwa akipatikana, yaani mgonjwa aliyekuwa anaogopa watu wasioonekana anaongezewa na wanaoonekana. Tarehe 14 Novemba 2005 jirani yake wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu wa muziki Herleik Tveit, ambaye ameniruhusu kumtaja na hata amenisahihisha, alikuwa hajalala wiki nzima, akafunga mlango kwa makomeo yote, akatangaza kwamba mfalme anakuja kunywa kahawa kwake, na mtu mwingine akitangulia kuingia, yeye anaruka nje kupitia dirishani. Polisi wawili wakapanda kwa kishindo, wasijue kwamba wiki ile kibao cha zamu ya kupiga deki ngazi kilikuwa kinaning'inia mlangoni kwa Borghild, na kwamba alikuwa ndiyo kwanza anakamua tambara.

"Nyie watoto, mnakwenda wapi na mabuti hayo? Ngazi hazijakauka!"

"Mama, hii ni dharura."

"Na hilo ni tope. Vueni!"

Mnatujua watu wa hapa, waziri tunaweza kumbishia hadharani, lakini mama mwenye ndoo ya deki hatuna ubavu naye, basi vijana wale wakavua kabla akili haijawarudia, wakasimama mlangoni kwa Herleik mabuti mkononi, wamenywea kama wanafunzi waliochelewa, dole gumba la mmoja limetoka nje ya soksi. Herleik akachungulia kwenye tundu la barua, akauliza, "Wewe wa dole gumba, mama yako anajua?" Askari akacheka, Herleik akacheka, makomeo yakafunguliwa, kahawa ya mfalme ikanywewa na polisi, na jioni ile mwalimu akaenda hospitali kwa miguu yake, amevaa koti lake mwenyewe.

Kuanzia hapo marehemu hakumpa mtu raha, aliacha wodi akaiandama halmashauri, nayo ikaunda kamati, kamati ikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikafanya semina yenye keki, mpaka Mei 2012 ndipo likapatikana gari moja la kijivu, halina king'ora, ndani muuguzi na yule wa dole gumba, Tarjei, amevaa sweta badala ya sare, na sharti moja la Borghild, mlangoni mnavua viatu, kwa sababu, alisema, mtu wa soksi hana mbio, na mgonjwa hilo analiona. Mji ukaliita Gari la Soksi. Mara moja mgonjwa aliondoka na mabuti ya Tarjei, ikabidi Tarjei amfuate kwenye theluji akimbembeleza, wakarudi wote wawili na mafua. Si kila mlango ulifunguka, wengine tuliwazika, na hao Borghild aliwataja kwa majina kila Krismasi, chakula kikipoa, hakuna aliyethubutu kushika uma.

Alhamisi hii, Bwana Preben, mnapiga kura kulifuta gari hilo, badala yake mgonjwa apewe programu ya simu, abonyeze kikatuni cha kununa au cha kucheka, na Herleik alipokuuliza mkutanoni, "Kaka, hiyo simu nayo itavua viatu?" ukanywa maji.

Oktoba 2023 marehemu aligundulika na saratani ya kongosho. Ulikuja kumwona na maua, hilo tunakushukuru, akakwambia, "Preben, viatu," ukavua, akakuuliza habari za gari, ukasema mtaliangalia kwa upana wake. Akakuuliza unavaa namba ngapi. Ukasema arobaini na nne. Ulipotoka tu, akamwambia Sunniva amletee sufu. Alifariki tarehe 9 Januari 2024, mchana, kazi ya mkono wake ikiwa imekamilika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokubali kugombezwa hadi siku ya mwisho, wenzake wa garini, na majirani walioshika zamu yake ya ngazi, ingawa yeye angerudia kona zote. Aliagiza abebwe na watu wasio na viatu. Jeneza lina mishikio sita, Gaute, Sunniva, Tarjei, askari mwenzake wa siku ile, na Herleik wameshavua, wa sita marehemu hakumtaja jina, alifuma soksi tu, hizi hapa juu ya kiti, za kijivu, namba arobaini na nne.

Bwana Preben, hatuondoki, tunakungoja ufungue kamba za viatu.

Shangazi, pumzika kwa amani, sakafu imekauka.