Jua la Beda

Kijiwe cha kahawa cha Lukmani kiko nyuma ya soko, Sumbawanga mjini: benchi refu, jiko la mkaa na birika lisilokauka. Jioni ile upepo ulikuwa unakata masikio. Eustaki, ambaye kijiweni wanamwita Spika kwa kupenda kuongea, alikaa kimya, kahawa inampoa mkononi. Mama yake mzazi alikuwa amehamia kwa jirani. Hakugombana na mtu. Alibeba kikapu chake cha nyuzi, akaaga kwamba anakwenda kwa Beda, kwenye mwanga.

— Spika, leo bunge limeahirishwa? alichokoza Wilibrodi, dereva wa bodaboda waliyembatiza Profesa.

— Niache, bwana. Mama kahamia kwa Beda. Eti kwangu giza.

— Si una sola wewe?

— Ninayo! Ila imekufa.

Eustaki na Beda walijenga nyumba zao mwaka uleule. Kabla ya kupaua, Beda alimwambia fundi ageuze paa litazame kaskazini, jua linakopita sehemu kubwa ya mwaka; kijiwe kizima kikamcheka. Akaanza na taa mbili, na kila akivuna ulezi akaongeza paneli. Eustaki alinunua paneli moja, akaifunga kwenye runinga kubwa na redio ya kutikisa mabati. Betri haikufika Krismasi.

— Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, alijitetea. Ndiyo maana nilinunua vyote siku moja, nisihangaike kurudi dukani.

— Hapo umenena, alisema Azizi muuza vipuri. Halafu mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lile paa la Beda limeinama. Anatafuta nini mvunguni mwa jua?

— Anavuta jua la mtaa mzima! alisema Eustaki. Mahindi yangu hayakauki, nyie!

— Na mawingu yote anakusukumia wewe, alidakia Profesa. Juzi mvua imenyesha kwako, kwake kukavu.

— Mi nasema jua linalombakia analiuza Mtowisa, aliongeza Azizi. Kule bondeni watu wanaungua, sisi huku juu tunatetemeka. Mnadhani bure?

Eustaki akacheka, moyo ukamtulia kidogo. Hapo akatokea mwanamke mwenye vumbi la safari.

— Shikamooni wazee. Naitwa Maulida, natoka Mpui. Kwa Beda ni wapi? Naanza kujenga, nataka nione paa lake kabla sijapaua.

— Marahaba. Paa la nini, binti? Yule mwizi wa jua! alifoka Eustaki, akamweleza yote, hata la kuuza jua Mtowisa.

Maulida akasikiliza mpaka mwisho.

— Sasa wazee wangu, yeye alipokuwa anapanga, ninyi mlikuwa mnapanga nini?

Profesa akatazama pikipiki yake. Azizi akakohoa. Lukmani akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa.

Eustaki akainuka, akampeleka mgeni yeye mwenyewe. Beda akawapokea mlangoni.

— Karibu, jirani.

— Nimemfuata mama.

Mama alikuwa ameketi chini ya taa, sindano mkononi. Eustaki akaharakisha kumpokea uzi amtungie, kama alivyomtungia miaka yote tangu macho yalipoanza kumchoka.

— Acha, mwanangu, alisema mama. Naona.

Akautunga mara moja. Eustaki akabaki amenyoosha mkono, anaionea wivu taa.