Domitille Sita

Nyamazeni kidogo, enyi watu wa Kadutu, kama mnyamazavyo kabla ya Injili: ninyi mnaopanda kwenda sokoni, na ninyi mlioketi. Neno hili ni lenu, na ni langu kwanza, mimi Philémon, katekista. Ilikuwa jana, Ijumaa asubuhi, mtaani Cimpunda, kwenye benchi lililo mbele ya fundi viatu, ambapo Maman Colombe huuza kahawa. Wiki hii mvua ilikuwa imepasua paa la kapela yetu na kukigeuza kitabu kikubwa cha ndoa kuwa uji. Na mjane Domitille anatakiwa Jumatatu hii kuthibitisha katika ofisi ya zone, yaani ya Serikali ya wilaya, kwamba alikuwa mke wa ndoa wa marehemu Donatien. Akishindwa, mashemeji watamtoa nyumbani, yeye na watoto wanne. Lakini kopi ilikuwapo. Miaka yote niliandika daftari la pili na kulihifadhi upande wa pili wa mji, ndani ya sanduku la chuma. Nilikuwa nimetoka kulichukua: kavu, safi, bila alama ya panya. Nikalifungua magotini.

— Kazi imekwisha, akasema Stanislas, karani mstaafu tunayemwita Karbone kwa sababu ya karatasi zake za kunakilia. Kama kopi iko, kitabu kikubwa kiende na maji. Njo hiyo maana ya kopi!

— Soma, Papa Philémon, akaamuru Mushagalusa, yaani Adjudant, aliyeacha jeshi bila kuacha sauti yake.

Nikasoma: "Donatien na Domitille."

— Amen!

— Ngojeni. Hapa chini, Pascal na Domitille. Ukurasa wa pili, Constantin na Domitille. Na tena Donatien na Domitille, mwaka mwingine.

— Ba Domitille wako ngapi humo?

— Sita.

— Na majina ya kwao, ya ukoo?

Uso wangu ukawaka.

— Yalikuwa katika kitabu kikubwa. Kwenye kopi niliandika ya ubatizo tu, nibane karatasi. Nilijiambia kwamba mbinguni tutaitwa kwa hayo.

— Mbinguni, sawa, akasema Maman Colombe akimimina. Lakini ku zone? Huu ni mwaka wa pili tangu Serikali ilikataza majina ya ubatizo. Ku karte ya kitambulisho ya ule mama, Domitille haiko. Watasema huyu wa kopi ni mutu mwingine.

Benchi likachanganyikiwa.

— Tupige kitabu pasi ya makaa, akasema Karbone. Wino itarudi.

— Unapigaka uji pasi, weye?

— Sikieni, akanguruma Adjudant. Jeshi iko na kopi ya kila kitu, ndani ya pango. Nilionaka askari anailinda.

— Ulisoma?

— Ilikuwa siri! Niliona askari tu.

— Roma njo iko na majina yote, akasema Colombe. Kila mwaka wanayapelekaka na ndege. Tupige telegramu.

— Roma ya nini? akapinga Karbone. Ku Lwiro, kwa wataalamu, iko mashini inasikia udongo kutetemeka mbali kule chini. Itashindwa kuona ndani ya kitabu?

Sikucheka. Katika Maandiko, mfalme alipolitupa gombo la nabii motoni, mwandishi hakurudisha nusu ya maneno, aliyarudisha yote. Mimi nilihifadhi nusu, na miaka yote sikulifungua daftari hata mara moja kujaribu kama lingemwokoa mtu.

Ndipo Domitille akafika, matope miguuni, karte yake imefungwa ndani ya kitambaa.

— Munanijua?

— Mama Firmin! akacheka Adjudant. Mbuzi wa harusi yako njo aliharibu meno yangu!

— Basi niambieni. Ku karte hii naitwa nani?

Adjudant akaangalia viatu vyake. Colombe akainamisha birika, halikutoka tone.

— Na... Nabi... akaanza Karbone.

— Usikisie, Papa. Mtu haapi kwa kukisia.

Akafungua kitambaa mwenyewe. Nabintu. Juu ya jina, picha yake.

— Sasa tunajua! Twende tuape kama tulilijuaka zamani!

— Hapana, Adjudant, akasema Domitille. Huo ni uongo, na Mungu anausikia. Mtaapa mnachokijua: mwenye uso huu tulimwona akifunga ndoa na Donatien, jirani yetu wa hapa. Picha itaonyesha jina. Kopi itaonyesha siku: mwaka wangu naujua.

— Njo ile tu?

— Njo ile tu. Jumatatu, saa mbili asubuhi.

— Jumatatu asubuhi, akasema Karbone, mimi niko na...

Domitille akamtazama.

Nawe uliyesikia, inuka. Jirani unayemwita kwa jina la mtoto wake, kamuulize leo anaitwa nani. Kabla jua halijatua, njoo kapela na majina yako yote. Nimetubu ubahili wangu, karatasi ipo. Na Jumatatu usiniachie benchi lililojaa na mlango wa zone mtupu. Geuka, ndugu yangu. Njoo usimame naye.