Historia Juu, Watoto Chini

Mheshimiwa Meya Ermes Gandolfi, Baba Paroko, Bibi Fusari, msanifu wa jengo hili, ndugu wageni mliotoka mkoani, na ninyi watu wa Casalrena mliosimama juani kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa: habari za asubuhi.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya wazazi, kisha nikate utepe wa kituo hiki cha kulelea watoto pamoja na binti yangu Agnese, ambaye anaota meno na hajaniacha nilale wiki nzima. Nikijikwaa mtanisamehe. Mheshimiwa Meya amenisihi, "Ilaria, shukuru tu, usirefushe." Basi nitashukuru.

Nashukuru kwanza kwamba kituo kimejengwa. Tangu kile cha zamani kifungwe, Agnese namwacha kwa bibi yangu Dirce, ambaye magoti yake hayawezi tena kumkimbiza mtoto, ndipo nikimbilie kiwandani kufunga nyanya. Msimamizi wangu ameshanionya kwa kuchelewa. Hakuna mtu katika uwanja huu anayekihitaji kituo hiki kuliko mimi, na naomba mlishike hilo ninapoendelea.

Ndugu wageni, huu ni mji wa maji. Wazee wetu walisaga unga kwa vinu vilivyoelea juu ya mto Po, wakavusha ng'ombe na maharusi kwa mashua ileile, na mto ulipopanda walihamia ghorofani na kuku wao, wakasonga polenta, ugali wetu wa mahindi, huko, wakagombana huko, wakangoja upungue. Ndiyo maana kwetu watu hula chini na kulala juu. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Je, iko nyumba moja ya kando ya mto ambamo kitanda cha mtoto kimewekwa chini? Nitajieni.

Na ndiyo maana tulikuwa na jiwe. Jiwe jeupe lenye mstari mmoja, lililopachikwa kwenye ukuta wa jengo hili lilipokuwa bado ghala, chini kidogo ya madirisha ya ghorofani, pale maji yalipofika mwaka ule tuta la mto lilipopasuka, bibi yangu alipokuwa msichana. Mtoto wa Casalrena akishabatizwa, baba yake hupanda naye ngazi, humgusisha mstari kwa kiganja, na watu walio chini humwambia, "Yalifika hapo." Basi, tunakwenda kula. Mimi niliugusa. Meya naye aliugusa, na wanaokumbuka wanasema alimkojolea baba yake palepale ngazini.

Mwaka jana ukuta ulipakwa rangi upya. Jiwe likang'olewa, na liliporudishwa likawekwa hapa kando ya mlango, chini ya kiuno changu. Nilimwuliza Bibi Fusari, naye akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, wageni hawatazami juu. Kule halitoki vizuri pichani."

Binti yangu tulichelewa kumbatiza, kwa sababu baba yake alikuwa kazini Ujerumani. Siku ilipofika ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusimama. Hatukuhitaji ngazi. Agnese aliinua mkono akaugusa mstari miguu yake ikiwa chini, na watu wakapiga makofi, wakaona ni jambo la kupendeza. Bibi Dirce hakupiga. Alinivuta mkono akaniambia, "Mtoto amedanganywa, na mmemshangilia."

Sasa twendeni ghorofani, ndugu wageni, maana mtapelekwa baada ya utepe. Mtaona Jumba la Historia ya Mto: makasia, nyavu, taa za mashua, kila kitu ndani ya kioo. Mtaona upondo wa baba yake Bibi Dirce, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, ambao bibi aliuleta mwenyewe kwa moyo mweupe. Ni kazi nzuri, sina neno. Lakini tulipouliza kikaoni kwa nini makasia yakae juu na watoto walale vyumba vya chini, Mheshimiwa Meya alitueleza kwamba vitu vya kale havistahimili unyevu.

Bibi yangu akamwuliza, "Na kitukuu changu, Ermes, yeye umemkausha kwa kitu gani?"

Watu walicheka. Meya naye alicheka, akasema tuta la sasa ni jipya, halipasuki.

"Hata lile lilikuwa jipya," bibi akasema. Hapo hakucheka mtu, na kikao kikafungwa.

Mheshimiwa, nakusifu, tena mbele ya watu. Hakuna meya aliyeupenda utamaduni wetu kama wewe. Umeupangusa vumbi, umeuwekea taa, umeupandisha juu usilowe. Ila nakuuliza kama mama wa mtoto: utamaduni wetu ni huo upondo, au ni kule kujua mtoto alazwe wapi? Waliousukuma upondo ule walikuwa wakibeba watoto kuwapeleka ghorofani. Wewe umebeba upondo.

Wageni wa mkoani mnafahamu kwamba kituo hakifunguliwi bila idadi ya watoto inayotakiwa. Sisi akina mama tumeongea, dukani kwa mwoka mikate na nje ya kanisa, na asubuhi hii tumeyaondoa majina ya watoto wetu. Yote. Haikuwa rahisi. Kesho sijui Agnese nitamwacha na nani, na sijui kama kazi itakuwepo keshokutwa. Lakini humu chini hatalala hata usingizi wa mchana.

Tunachotaka ni kidogo: vitanda vipandishwe ghorofani, makasia yashuke, na jiwe lirudi lilipokuwa, atazame anayetaka kutazama. Mkifanya hivyo, tutawasaidia kubeba.

Mkasi huu nauweka mezani, Mheshimiwa. Utepe sikati. Nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka hapa. Kina mama wenzangu, wabebeni watoto, twendeni.